Hakuna Mkutano

Mvua ilianza saa tatu asubuhi, na Mama Funguo akaanza kupanga mabeseni. Alikuwa na mabeseni sita, ndoo tatu na sufuria moja kuukuu, na kila kimoja alikijua mahali pake: beseni la bluu chini ya feni ya tatu, ndoo ya rangi kando ya nguzo, sufuria juu ya jukwaa, pale pale ambapo wasemaji walikuwa wakisimama. Paa la ukumbi lilikuwa limetoboka mahali kumi na nne. Yeye alikuwa na vyombo kumi. Yaliyobaki aliiachia sakafu.

"Hilo beseni umeliweka vibaya," mama mkwe wake alisema kutoka kwenye chumba cha nyuma ya jukwaa.

"Mama, hata hujaliona."

"Nalisikia. Linalia pembeni. Lisogeze."

Mama Funguo akaenda kulitazama. Kweli, matone yalikuwa yakigonga ukingo. Akalisogeza kwa mguu bila kusema kitu, maana ukimpa yule mama ushindi mmoja asubuhi, atataka mwingine mchana.

Viti havikuwepo. Lori la halmashauri lilivichukua vyote mia sita, likasema vinakwenda kupakwa rangi, na hiyo rangi labda ilikuwa inachemshwa bado. Yalibaki mabenchi mawili yaliyokuwa yamepigiliwa ukutani. Mapazia ya jukwaa yaliondoka wiki iliyofuata. Kisha kikafuata kipaza sauti, maana nacho kilihitaji kupimwa. Wakati huo wote hakuna fundi hata mmoja aliyepanda juu kutazama paa. Alikuja bwana mmoja tu, na kifaa cha miguu mitatu, akapima ardhi kutoka kona hii hadi kona ile, akachomeka vigingi vyekundu nje, akaondoka. Juu hakuinua hata kidevu.

Mlangoni lilikuwa limebandikwa tangazo: UMEFUNGWA KWA MATENGENEZO. Lilikuwa na miezi kumi na moja na nusu.

Alipomaliza na mabeseni alikaa kwenye meza ndogo ya mlangoni, akafungua daftari la ukumbi. Daftari hilo lilikuwa la thelathini na mbili tangu ukumbi ujengwe. Baba mkwe wake aliandika ya kwanza. Mume wake alipokea, akaandika hadi kifua kilipomshinda, na alipokuwa hawezi tena kukaa alimtajia mkewe maneno akiwa amelala, naye akaandika. Alipomzika, aliendelea. Hakuna aliyemwajiri kwa barua. Halmashauri ilikuja kumtambua tu baadaye, kama mtu anavyotambua kwamba nguzo fulani imekuwepo siku zote.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mtu yeyote aliyetaka ukumbi alikuja kabla ya saa sita, akataja jina lake na shauri lake. Mtunza ukumbi aliandika. Hakuombwa kibali, hakuulizwa wewe ni wa chama gani. Wafiwa wa ile ajali ya mgodi walikaa humo siku tisa. Makondakta walikubaliana mgomo humo, na mwezi mmoja baadaye wake zao walikutana humo humo kuwashinikiza waumalize. Wakati wa ugonjwa mkubwa watoto walipanga foleni kuanzia jukwaani hadi barabarani kuchanjwa, na wanasiasa wawili wakubwa wa mji walizomewa humo kwa siku moja, wa kwanza asubuhi, wa pili baada ya chakula. Yote yalikuwa kwenye madaftari. Na siku ambayo hakuna aliyekuja, mtunza ukumbi aliandika pia, kwa sababu mwanzilishi wa daftari alisema siku isiyoandikwa ni siku iliyoibwa.

Mama Funguo aliandika tarehe. Kalamu alikuwa nazo nyingi. Afisa Majengo wa halmashauri alimletea boksi zima ukumbi ulipofungwa. "Wewe usiache kuandika, mama yangu," alimwambia kwa upole. "Kila siku, hata kama hakuna kitu. Kazi yako ni safi sana. Ningekuwa na wafanyakazi kumi kama wewe." Alikuja kila Ijumaa kusaini chini ya wiki. Madaftari yale thelathini na moja ya zamani aliyachukua kwa gari lake mwenyewe, ili yasilowe.

Alikuwa bado na kalamu mkononi mlango wa pembeni ulipofunguliwa, na wanawake wakaingia wakikimbia.

Walikuwa wachuuzi wa barabarani. Zamani walikuwa wachuuzi wa sokoni, lakini soko nalo lilifungwa kwa matengenezo, na sasa kilichokuwepo pale kilikuwa shimo. Waliingia na mabeseni yao ya nyanya na mafungu yao ya nguo za mitumba kichwani, wamelowa, wanacheka kwa baridi. Aliyetangulia alikuwa mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na kwa sauti hiyo walimwita Spika.

"Dada, tufukuze mvua ikikatika," Spika alisema. "Sasa hivi utakuwa umeua."

"Pamefungwa."

"Tumesoma. Sisi ndio matengenezo."

Mama Funguo akatazama barabarani. Hakuna gari. Akaufunga mlango nyuma yao. "Msikanyage mabeseni," alisema.

Walikaa kwenye mabenchi na kwenye sakafu kavu chini ya jukwaa. Mama mkwe akatoka na fimbo yake, akajitafutia nafasi katikati, maana kwa miezi kumi na moja alikuwa hajapata mtu wa kubishana naye isipokuwa mkwewe. Aliwauliza mmoja mmoja ni wa nani. Kisha akawaonyesha sakafu kwa ncha ya fimbo.

"Mchanga huu niliubeba mimi. Kutoka mtoni, kwa kichwa. Nilikuwa na mimba ya mume wa huyu."

"Bibi, na mimba ukabeba mchanga?" aliuliza mwanamke mmoja kijana, aliyekaa kando ya nguzo. Huyo walimwita Mama Mapacha.

"Ulitaka nibebe nini, magazeti? Kila nyumba ilileta kitu. Aliyekuwa na tofali alileta tofali. Asiyekuwa na kitu alileta mgongo. Siku ya kwanza tulikuja kuchimba msingi watu kumi na wawili tu, na mji mzima ukatucheka. Ndiyo maana ikaandikwa kwamba watu kumi na wawili wakikaa hapa, mmoja akasema na wengine wakasikiliza, na wakakubaliana neno, huo ni mkutano, na hakuna wa kuutawanya."

Spika akasimama. Hakuonekana kama mtu aliyepanga kusimama. Akahesabu kwa kidole: wachuuzi kumi na watatu, na bibi.

"Kumi na wanne," alisema. "Basi tumetimia na chenji imebaki."

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu alianza kusema. Alisema kuhusu shimo lililokuwa soko. Alisema jinsi askari wa halmashauri walivyomwaga nyanya za mwenzao Jumatatu, na wa pili Jumanne, na kila mmoja alilia peke yake kwenye kipande chake cha barabara. Asiyekuwepo na lake halipo, alisema, na sisi hatupo popote. Mwingine alijibu. Mwingine alimpinga. Mvua iligonga mabati na matone yakagonga mabeseni, na ndani ya kelele hiyo walikubaliana watu watatu waende halmashauri kuuliza soko linarudi lini. Mama Mapacha ndiye aliyewataja hao watatu, na wote wakainua mikono.

Mama Funguo aliona yote akiwa mlangoni. Alijua alichokiona. Miaka kumi na tisa ya kuandika mikutano haimwachi mtu na shaka.

Mvua ilikatika saa sita. Wakaondoka wawili wawili kupitia mlango wa pembeni. Yeye akarudi mezani. Mstari wa siku ile ulikuwa na tarehe tu, na mbele yake patupu. Alifikiri juu ya barua ya kufunga, iliyosema atakayeingiza watu ndani atashtakiwa pamoja nao. Akafikiria chumba cha nyuma ya jukwaa, vitanda viwili na jiko, na yule mama wa miaka themanini na kitu. Akafikiria pia majina kumi na manne. Ukiandika mkutano lazima uandike majina.

Akaandika: Hakuna mkutano.

Ilikuwa Ijumaa. Afisa Majengo alikuja saa tisa, viatu vyake vimefutwa vizuri licha ya tope lote la mji. Alisimama mlangoni akitazama sakafu.

"Naona nyayo, mama yangu."

"Watu walijikinga mvua, mheshimiwa. Sikuweza kuwafukuza."

"Ubinadamu, bila shaka." Akapiga hatua kukwepa tope. "Nyayo nyingi. Walikaa?"

"Walikaa kidogo."

"Wakazungumza?"

"Wanawake wakikaa pamoja watanyamaza vipi, mheshimiwa?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri. "Kweli kabisa. Lakini kuzungumza si mkutano."

"Si mkutano."

"Basi vizuri." Akavuta daftari, akasoma mstari wa siku ile kwa kidole, polepole, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Akasaini. Akaweka kalamu mbili mpya juu ya meza na kuondoka.

"Yule ni panya," mama mkwe alisema kutoka ndani. "Anauma huku anapuliza."

"Amekufanya nini?"

"Mimi? Nimemsikia tu anavyotembea."

*

Barua ilikuja siku kumi na tisa baadaye. Mama Funguo aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma akiwa amekaa. Ilisema kwamba kwa mujibu wa hati ya waanzilishi, iliyohifadhiwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza, ukumbi utabaki mali ya watu wa mji maadamu watu wanautumia. Iwapo mwaka mzima utapita bila mkutano, kiwanja na kilicho juu yake vitarudi mikononi mwa halmashauri. Mwaka ulikuwa umetimia. Ushahidi ulikuwa daftari la thelathini na mbili, lililoandikwa kila siku, bila kuruka hata moja, kwa mkono wa mtunza ukumbi. Mwenye pingamizi afike kwenye kikao, chumba namba tisa.

Alimsomea mama mkwe. 

"Hicho kifungu alikiweka baba mkwe wako," yule mama alisema. "Nakumbuka siku hiyo. Tulimcheka. Tulisema, mwaka mzima? Watu wa mji huu wanyamaze mwaka mzima? Akasema ndiyo, ndiyo maana naweka, mpate aibu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nani anakumbuka mzaha wa miaka sitini?"

Chumba namba tisa kilikuwa na viti ishirini. Watu waliofika walikuwa zaidi ya mia, kwa hiyo wengi walibaki kwenye korido na kwenye ngazi. Afisa Majengo alikaa nyuma ya meza ndefu. Pembeni yake alikaa karani kijana na kompyuta.

"Huu si mkutano?" Spika aliuliza kabla hajaulizwa kitu. "Naona watu zaidi ya kumi na wawili."

"Ni kikao, mama. Mkutano ungehitaji ukumbi."

Watu walicheka kwenye korido. Afisa hakucheka. Alifungua daftari, akamwita Mama Funguo mbele, akamwonyesha mistari. Huu ni mwandiko wako? Ni wangu. Na huu? Wangu. Ukurasa huu? Wangu pia. Alifunua kurasa zote, mwaka mzima, na kila ukurasa alisubiri jibu. Pale mbele mwandiko wake ulionekana mzuri kweli, umenyooka, herufi zote zinalingana. Alikuwa akijivunia.

"Umewahi kuandika uongo ndani ya daftari hili?"

Angeweza kusema hapana. Kila mtu mle ndani angemwelewa.

"Ndiyo," Mama Funguo alisema. "Mara moja. Ile Ijumaa ya mvua. Niliandika hakuna mkutano. Ulikuwepo."

Karani aliacha kuandika. Kwenye korido minong'ono ikaanza kupeleka neno hadi kwenye ngazi.

Afisa Majengo hakukasirika. Alisogeza daftari pembeni taratibu. "Ni jambo zito, mama yangu, mtumishi kuandika uongo. Hilo tutalirudia. Lakini haki ni haki. Kama mkutano ulikuwepo, ukumbi ni wa watu. Hati inataka kumi na wawili. Waliokuwepo siku hiyo wasimame, karani aandike majina yao na wanakoishi." Akangoja kidogo. "Ingawa ni wajibu wangu kuwakumbusha kwamba jengo lilikuwa limefungwa kwa amri."

Spika alisimama kabla sentensi haijaisha. "Andika mimi. Na uandike kwa herufi kubwa, mwili wenyewe ni mkubwa."

Akasimama mwingine, wa nguo za mitumba. Akasimama aliyemwagiwa nyanya Jumatatu. Mmoja alisimama, akakaa, akasimama tena. Wengine waliingia kutoka koridoni wakipenya kwa mabega. Kila aliyesimama alitaja jina lake na mtaa wake, na vidole vya karani vilibonyeza, tik tik tik. Mama mkwe alisimama kwa fimbo, akakataa kutaja mtaa. "Naishi ukumbini," alisema. "Unapajua, unapapigia mahesabu."

"Kumi na moja," karani alisema.

Afisa Majengo akatazama chumba. "Kumi na moja. Anahitajika mmoja tu."

"Na mimi," alisema Mama Funguo. "Nilikuwa mlangoni."

"Mtunza ukumbi hahesabiwi, mama. Wewe ulikuwa kazini."

Kati ya wale kumi na wanne, mmoja alikuwa amerudi kwao wiki iliyopita baada ya kuchoka kufukuzwa barabarani. Mwingine alikuwa amelazwa hospitali. Mmoja alibaki, na huyo alikuwa mle ndani. Mama Mapacha alikaa safu ya tatu, mkoba magotini, macho kwenye kucha zake. Kwenye ule mkoba, Mama Funguo alijua, kulikuwa na barua yenye mhuri: meza namba arobaini, soko jipya, likifunguliwa. Aliipata siku tano kabla. Spika alikuwa amelitangaza jambo hilo mtaa mzima, bila wema.

"Nina subira," Afisa Majengo alisema. Akavua saa yake, akaiweka mezani.

Hakuna aliyesogea. Spika aligeuka akamtazama Mama Mapacha. Wote kumi na mmoja walimtazama. Yeye alikuwa ameishika mikanda ya mkoba kama mtu anayeshika nguzo ndani ya basi.

"Mama Funguo," Afisa Majengo alisema kwa sauti ya chini, ya kirafiki. "Wewe uliwaona wote. Kama kuna mtu anaogopa, msaidie. Mtaje tu. Nitampokea kama aliyesimama mwenyewe."

Hapo Mama Mapacha aliinua uso.

Hakutikisa kichwa. Hakuomba. Alimtazama tu, na ule uso ulikuwa mtupu, uso wa mtu aliyekwisha kuhesabu pande zote mbili akaona hakuna pa kutokea. Watoto wawili wa miaka sita walikuwa kwenye ngazi huko nje, wanacheza kuruka vidato. Sauti zao zilifika mle ndani.

"Wengine siwakumbuki," Mama Funguo alisema.

Karani aliandika na hilo pia.

Njiani kurudi, mama mkwe alitangulia na fimbo yake.

"Ulimwona."

"Nilimwona."

"Mimi ningemtaja."

"Najua, mama."

"Ningemtaja halafu nisilale tena mpaka nife. Lakini kufa kwangu ni karibu, ningevumilia." Akasimama kupumua. "Wewe bado una usiku mwingi."

*

Walipewa siku saba kuhama. Barua ya kumwachisha kazi Mama Funguo ilikuja siku ya tatu, ikisema kosa lake ni kuweka kumbukumbu za uongo. Walihamia kwa Spika, kwenye chumba cha uani kilichokuwa cha mkaa.

Wale wachuuzi kumi waliosimama na bibi walianza kuondolewa barabarani mmoja mmoja. Askari hawakuja tena kwa fujo. Walikuja na karatasi, wakasoma jina, wakachukua vitu vya mwenye jina hilo, wakawaacha wa kulia na wa kushoto wakiendelea kuuza. Wa kulia na wa kushoto walitazama pembeni. Baada ya wiki mbili watu walianza kuhamisha vitu vyao wakimwona mmoja wa wale kumi anakuja kukaa karibu.

Ukumbi ulizungushiwa uzio wa mabati, mrefu kuliko mtu. Nyuma yake mashine zilianza kazi. Paa lilianguka kwa siku moja. Kuta zilichukua siku nne, maana waliozijenga hawakuwa wachoyo wa saruji. Mjini likatoka tangazo: kwa usalama wa mradi, ni marufuku watu zaidi ya wawili kusimama pamoja kwenye barabara zinazouzunguka uzio.

Ilibaki rufaa. Msaidizi mmoja wa wakili, aliyewasikiliza huku akiangalia mlango, aliwaeleza. Rufaa ilikuwepo, lakini ilitaka azimio la mkutano wa watu kumi na wawili, uliofanyika kwenye kiwanja chenyewe au kando yake, kabla ya mwisho wa mwezi.

"Tuko kumi na mmoja," mwuza mitumba alisema.

"Kumi na wawili," alisema Spika, akamwelekeza kidole Mama Funguo. "Huyu amefukuzwa kazi. Sasa ni mtu."

Mama Funguo alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. "Tutasimama wapi?" aliuliza. "Tukisimama watatu tu, tumekwisha."

"Wamesema tusisimame," Spika alijibu. "Nani amesema tusitembee?"

Walikwenda Jumamosi, saa nne, jua likiwa limekwisha kupanda. Walijipanga wawili wawili, jozi sita, kila jozi nyuma ya nyingine kwa hatua ishirini, kama watu wasiojuana wanaoelekea mahali pamoja. Spika na mwenzake walitangulia. Jozi ya mwisho ilikuwa Mama Funguo na mama mkwe, kwa sababu ya fimbo. Askari mmoja kwenye kona ya kwanza aliwatazama, akahesabu wawili, akawaacha.

Mkutano ukaanza. Spika alisema neno, mwenzake akapunguza mwendo, akaliacha kwa jozi ya nyuma kama mtu anayeuliza saa, akakimbia kumfikia. Hivyo hivyo neno lilikwenda hadi mwisho, na jibu lilirudi mbele kwa njia ile ile. Raundi ya kwanza walikubaliana kwamba wanakata rufaa. Raundi ya pili walibishana nani aipeleke. Nyuma ya mabati mashine ilikuwa inachimba, na ardhi ilitetemeka kidogo chini ya miguu.

"Bora kuliko kukaa," mama mkwe alisema, akihema. "Kwenye ukumbi kuna waliokuwa wanasinzia."

"Usiongee sana, utachoka."

"Ni mkutano. Nisipoongea nimekuja kufanya nini?"

Raundi ya tatu neno lilichelewa. Mama Funguo alikaza macho mbele. Barabara ya upande ule ilikuwa imenyooka na ndefu, na jozi iliyokuwa mbele yao, mwuza nyanya na mwenzake, ilikuwa inakunja kona. Ikakunja. Wao walipofika kwenye kona ile na kukunja, wale wawili hawakuwepo.

Alifikiri labda wameharakisha. Akageuka kutazama nyuma. Barabara zilizunguka uzio pande zote, na Spika, kwa mwendo wake ule wa haraka, ilimpasa kuwa amekwisha kuwakaribia kutoka nyuma. Hakukuwa na mtu. Palikuwa na mwanamke mmoja mbali, na beseni kichwani, naye alikuwa akivuka kwenda upande mwingine wa barabara.

"Mbona kimya?" mama mkwe aliuliza. "Wamefika wapi?"

"Tembea, mama."

"Tumekubaliana nani anaipeleka?"

"Tembea."

Mbele, kwenye kona inayofuata, lilikuwa limeegeshwa gari la rangi ya kijivu, mlango wa nyuma uko wazi, injini inanguruma. Wanaume wawili walikuwa wameliegemea. Mmoja alikuwa na karatasi. Aliitazama, akawatazama wao, akaitazama tena, bila haraka yoyote.

Walikuwa wamekubaliana hakuna kusimama. Na anayetaka kurudi nyuma lazima kwanza asimame. Mama Funguo alimshika mkwewe mkono, akapunguza hatua zake zilingane na fimbo, wakaendelea kwenda.